Yambwa Isiyo na Alama: Uhakiki wa Istilahi za Uhusika katika Sarufi za Kinandi

1. Utangulizi

Zipo lugha ambazo nomino hubadilika umbo kufuatana na kazi yake katika sentensi. Badiliko hilo huitwa uhusika. Aghalabu mwanafunzi anayejifunza habari za uhusika huanza na Kilatini, ambamo msichana akiwa kiima huitwa puella, na akiwa yambwa huitwa puellam. Akiendelea kidogo hukutana na Kiamhari, ambacho huongeza -n mwishoni mwa yambwa iliyo mahsusi. Kutokana na mifano ya namna hii hujengeka fundisho ambalo halisemwi waziwazi mara nyingi, lakini limo ndani ya vitabu vingi vya sarufi: kwamba kiima ndicho kilicho katika umbo la asili, na kwamba yambwa ndiyo inayovishwa alama.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fundisho hilo haliwezi kutumika katika Kinandi na lugha zinazohusiana nacho. Humo yambwa ndiyo inayobaki katika umbo lake la asili, na kiima ndicho kinachobeba alama. Kadhalika yanakusudia kuhakiki istilahi ambazo wanasarufi wamezitumia kuueleza ukweli huo. Hoja itakayotetewa ni kwamba wataalamu wengi waliuona ukweli huo vizuri, ila waliupa majina yaliyoufunika tena. Jambo hili si la majina tu. Lina athari katika namna Kinandi kinavyoandikwa na kinavyofundishwa, na katika namna Kiswahili kitakavyoweza kuzieleza lugha jirani zake kitaalamu.

Mahali panapofaa kutazamia suala hili ni Ziwa, kaskazini-magharibi mwa mji wa Eldoret, katika eneo la Soy, Kaunti ya Uasin Gishu, nchini Kenya. Ziwa ni mahali pa wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na wengi wa wenyeji wake husema Kinandi, mojawapo ya lugha za kundi la Kikalenjin. Jina la mahali hapo ni neno la Kiswahili. Jina la uwanda wote, Uasin Gishu, lilitokana na Wamaasai walioukalia kabla ya karne ya 20. Mtoto anayekulia Ziwa huanza na Kinandi nyumbani, kisha hukutana na Kiswahili na Kiingereza shuleni. Lugha hizo tatu zinashughulikia yambwa kwa njia tatu tofauti, na sarufi anayofundishwa darasani hutokana na mbili tu kati yake.

2. Hali ilivyo katika Kinandi

Kinandi ni lugha ya Kinailoti cha Kusini. Katika sentensi ya kawaida kitenzi hutangulia, kisha hufuata kiima, kisha yambwa. Tazama mfano huu, ulioandikwa kwa maandishi yanayotumika kila siku:

(1) Kere boiyot lakwet.

Maana yake ni "Mzee anamwona mtoto." Kere ni kitenzi, boiyot ni mzee, na lakwet ni mtoto. Kitenzi hiki hakina kiambishi kinachomtaja mtenda wa nafsi ya tatu, wala hakina kiambishi kinachomtaja mtendwa wa nafsi hiyo. Kwa kutazama herufi peke yake, msomaji hana kingine cha kumwongoza ila mpangilio wa maneno.

Lakini msemaji wa Kinandi hategemei mpangilio peke yake. Nomino ikiwa kiima hubadilika toni. Neno boiyot linapomtaja anayeona halitamkwi kama linavyotamkwa linapomtaja anayeonwa, ingawa herufi ni zilezile. Badiliko hilo haliishii kwenye nomino, kwani maneno yanayoivumisha nomino nayo hushiriki katika alama hiyo. Kwa sababu toni imekwisha kupambanua nani ni nani, mpangilio wa maneno yanayofuata kitenzi unaweza kugeuzwa kwa ajili ya kazi nyingine, yaani kuonyesha lipi linajulikana tayari katika mazungumzo na lipi ni jipya. Chet Creider na Jane Tapsubei Creider walilichunguza jambo hili katika makala yao ya mwaka 1983 kuhusu mada na maelezo katika lugha inayotanguliza kitenzi. Basi sentensi ifuatayo:

(2) Kere lakwet boiyot.

ikiwa imeandikwa, inaweza kusomwa kwamba mtoto anamwona mzee, au kwamba mzee anamwona mtoto. Ikitamkwa, ina maana moja tu.

Swali la msingi hapa ni hili: kati ya toni hizo mbili, ipi ni ya asili, na ipi ni ya nyongeza? Jibu liko wazi. Mtu akiulizwa neno la kumtaja mtoto, akajibu kwa neno moja nje ya sentensi, atalitamka kwa toni ileile inayotumika katika yambwa. Nomino inayofuata kihusishi huwa katika umbo hilohilo, na pia nomino inayomtaja mwenye kitu. Umbo la yambwa, basi, ndilo umbo la kamusi. Umbo la kiima ndilo lenye mipaka: hutokea pale tu nomino inapofanya kazi ya kiima baada ya kitenzi.

Kinandi hakiko peke yake katika hili. Kimaasai, Kiturkana na Kidatooga hufuata njia iyo hiyo kwa toni. Kisomali nacho hutumia toni kukitia alama kiima. Katika Kioromo, kinachosemwa Ethiopia na pia kaskazini na mashariki mwa Kenya, alama hiyo inaonekana hata katika herufi: mtu akiwa yambwa, au akitajwa tu, huitwa nama, na akiwa kiima huitwa namni. Mfano wa Kioromo una thamani kubwa, kwa kuwa unamwezesha hata asiyezoea kusikiliza toni kuona kwa macho kwamba yambwa ndiyo shina, na kiima ndicho kilichoongezewa. Ikitazamwa ramani ya lugha za Kenya, zile zinazokitia alama kiima na kuiacha yambwa bila alama ni nyingi kuliko zile zinazofanya kama Kilatini. Hata hivyo ni Kilatini kilichotoa istilahi.

3. Istilahi za watangulizi

Sarufi ya kwanza iliyoenea ya lugha hii ni ile iliyomo katika kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wanandi, desturi zao, lugha na hadithi zao, kilichochapishwa Oxford mwaka 1909. Hollis alikuwa mtawala wa kikoloni, na alifanya kazi kubwa ya kukusanya methali, vitendawili na msamiati. Katika sarufi yake toni haikupewa nafasi ya kupambanua kazi za nomino. Penye sarufi isiyosikiliza toni, uhusika wa Kinandi hauwezi kuonekana. Si haki kumlaumu Hollis kwa kukosa ala ambazo isimu ya wakati wake haikuwa nazo kwa lugha za Afrika. Lakini ni haki kusema kwamba kutokana na kazi za namna hiyo, picha iliyowafikia wasomaji wa mbali ilikuwa ya lugha inayotegemea mpangilio wa maneno peke yake.

Mabadiliko makubwa yalikuja kupitia lugha jirani. Mwaka 1955 A. N. Tucker na J. Tompo ole Mpaayei walichapisha sarufi ya Kimaasai iliyoonyesha kwa utaratibu kwamba nomino za Kimaasai zina maumbo mawili yanayopambanuliwa kwa toni. Huo ulikuwa ugunduzi wa thamani kubwa, na si bahati kwamba mmoja wa waandishi hao wawili alikuwa Mmaasai. Lakini walipotafuta majina, walichukua yale ya Kilatini: umbo la kiima wakaliita nominativu, na umbo la yambwa wakaliita akuzativu. Istilahi hizo zikaendelea katika maelezo ya lugha nyingine za eneo hili.

Ubaya wa istilahi hizi hauonekani upesi, kwa sababu kwa upande mmoja ni sahihi. Hapana budi kupambanua mambo mawili ambayo huchanganywa. La kwanza ni ulinganifu: je, kiima cha kitenzi kisichohitaji yambwa kinalingana na kiima cha kitenzi chenye yambwa, au kinalingana na yambwa? La pili ni alama: kati ya maumbo yanayopambanuliwa, lipi limeongezewa kitu? Kwa upande wa ulinganifu, Kinandi kinafanana na Kilatini. Katika sentensi Omisie lakwet, yaani "Mtoto anakula," neno lakwet lina toni ya kiima, sawasawa na kiima cha sentensi yenye yambwa. Kwa upande wa alama, Kinandi ni kinyume cha Kilatini. Jina la akuzativu linabeba mambo yote mawili kwa pamoja. Msomaji anayeambiwa kwamba lakwet katika mfano (1) iko katika akuzativu huelewa bila kuambiwa kwamba kuna kitu kimeongezwa pale, ilhali hakuna kilichoongezwa.

Historia ya jina lenyewe inastahili kukumbukwa. Wanasarufi wa Kiyunani walikuwa na neno lililohusu kilichosababishwa au kilichotendwa. Warumi walipolitafsiri, walilichukua kana kwamba linatokana na kushitaki, na ndipo yambwa ikapata jina la uhusika wa mashitaka. Kwa hiyo istilahi iliyoletwa katika nyanda za juu za Kenya ilikwisha kupotoka zaidi ya miaka 1,900 kabla.

Chet Creider na Jane Tapsubei Creider, katika sarufi yao ya Kinandi iliyochapishwa Hamburg mwaka 1989, waliliepuka jina la akuzativu. Waliona, na kwa haki, kwamba umbo hilo halitumiki kwa yambwa peke yake, bali pia kwa mwenye kitu na kwa nomino inayofuata kihusishi. Kwa hiyo waliliita obliki. Sarufi hiyo ni miongoni mwa kazi bora kabisa zilizokwisha kuandikwa juu ya lugha yoyote ya Kikalenjin, na uhakiki wowote wa istilahi zake ni wa mwanafunzi anayesimama juu ya mabega ya mwalimu. Lakini jina hili nalo lina kasoro yake. Katika mapokeo ya Kiyunani na Kilatini uhusika ulifananishwa na anguko. Umbo la kiima lilisimama wima, na maumbo mengine yalihesabiwa kuwa yameinama kutoka pale. Obliki maana yake ni kilichoinama. Katika Kinandi kilichosimama wima ni umbo la yambwa, na kilichoinama ni kiima. Jina la obliki linaeleza vizuri wingi wa kazi za umbo hilo, lakini linageuza juu chini uhusiano wake na umbo la pili.

Kati ya kazi hizo mbili ulichapishwa Nairobi, mwaka 1979, utafiti wa Taaitta Toweett kuhusu isimu ya Kikalenjin. Toweett, Mkipsigis aliyepata kuwa waziri katika serikali ya Kenya, aliandika juu ya lugha aliyozaliwa nayo. Umuhimu wa kazi yake kwa mjadala huu ni kwamba ilithibitisha kuwa msemaji mzawa anaweza kuwa mchambuzi wa lugha yake bila kungoja mgeni amsikilizie toni zake. Hata hivyo kazi hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa karibu zote zilizotangulia na kufuata, isipokuwa ile ya Franz Rottland ya mwaka 1982 juu ya lugha za Kinailoti cha Kusini, iliyoandikwa kwa Kijerumani. Suala la istilahi za Kiafrika halikupata nafasi ya kuzuka.

Christa König, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu uhusika katika Afrika, aliliweka suala hili mahali pake. Alionyesha kwamba lugha zinazokitia alama kiima, ambazo ni nadra mno katika sehemu nyingine za dunia, zinapatikana kwa wingi Afrika ya Mashariki. Alionyesha pia kwamba katika lugha hizo nomino inayotangulia kitenzi kwa kawaida haichukui alama ya uhusika, hata ikiwa ni mtenda. Jambo hilo la pili linaunga mkono hoja ya makala haya: nomino ikiondolewa mahali pa kiima, hurudi katika umbo lake la asili, nalo ndilo umbo la yambwa.

4. Ushahidi wa kitenzi

Ushahidi wa nomino unaungwa mkono na ule wa kitenzi, na hapa ulinganisho na Kiswahili una faida. Kila asemaye Kinandi anajua neno achamin, ambalo baadhi ya watu huliandika achomin, lenye maana ya "nakupenda." Kiambishi a- kinamtaja msemaji, -cham- ni mzizi wa kupenda, na -in kinamtaja anayependwa. Mpaka hapa Kinandi na Kiswahili vinakwenda sambamba, ila Kinandi kinaiweka yambwa baada ya mzizi, na Kiswahili kinaiweka kabla.

Njia zinaachana katika nafsi ya tatu. Kiswahili husema nampenda, na kile kiambishi -m- hakiwezi kuachwa. Hata ikitajwa nomino yenyewe, kama katika nampenda mtoto, kiambishi hubaki, kwa kuwa yambwa ni mtu. Kinandi husema acham, na baada ya mzizi hapana kitu. Maana ni "nampenda" au "nakipenda," na msikilizaji hujua ni nani au ni nini kutokana na mazungumzo. Basi yambwa ya nafsi ya tatu haina alama katika nomino wala katika kitenzi.

Mtu angeweza kudhani kwamba lugha ya namna hii haijali yambwa. Sivyo. Kinandi hutangaza kwa sauti pale yambwa inapokosekana. Mzizi -am- wa kula unahitaji kitu kinacholiwa: Ame lakwet kimnyet, yaani "Mtoto anakula ugali." Msemaji asipotaka kutaja kinacholiwa, hawezi kuliondoa tu neno kimnyet na kuacha kitenzi kama kilivyo, kwa sababu ame peke yake humfanya msikilizaji aelewe "anakila." Ni lazima akitie kitenzi kiambishi maalumu, aseme omisie, ambalo wengine huliandika amisie. Hapa ndipo mfumo unapoonekana kwa ukamilifu wake. Yambwa ikiwapo haina alama, kwa sababu kuwapo kwake ndiyo hali inayotarajiwa. Isipokuwapo, kutokuwapo kwake ndiko kunakotiwa alama.

Mtoto wa Ziwa anayejifunza Kiswahili hukutana na mfumo ulio kinyume cha huu. Akiandika *naona mtoto* badala ya *namwona mtoto*, mwalimu humsahihisha, na ni vema amsahihishe. Lakini kosa hilo halitokani na uzembe, wala si dalili ya lugha ya nyumbani isiyo na sarufi. Mwanafunzi amekichukua kitenzi cha Kiswahili akakitumia kwa kanuni ambayo katika Kinandi ni timilifu. Mwalimu anayelijua jambo hilo atasahihisha kwa kulinganisha, na asiyelijua atasahihisha kwa kukemea tu.

5. Alama isiyoandikwa

Maandishi ya Kikalenjin yaliyoenea, yaani yale ya Biblia, ya vitabu vya shule na ya barua za watu, hayaonyeshi toni. Matokeo yake ni kwamba uhusika wote wa nomino, ambao ndio mhimili wa sentensi, haumo katika maandishi. Msomaji wa mfano (2) hupewa herufi zote na kunyimwa sarufi. Mwandishi mwangalifu hujilinda kwa kukitanguliza kiima daima mbele ya yambwa. Kwa kufanya hivyo huipoteza nafasi ya kugeuza mpangilio kwa ajili ya mada na maelezo, ambayo mzungumzaji anayo. Lugha iliyoandikwa inakuwa ngumu na kavu kuliko ile inayosemwa, na wengi hudhani kwamba ukavu huo ni wa lugha yenyewe.

Hali hii si ngeni kwa wasomi wa Kiswahili wanaojua Kiarabu. Kiarabu cha fasihi hukitia kiima irabu ya u na yambwa irabu ya a, lakini irabu hizo fupi kwa kawaida haziandikwi. Anayesoma hulazimika kuijua nahau kwanza ili aweze kusoma sawasawa. Mapokeo yanamsimulia Abu al-Aswad al-Du'ali, aliyefariki karibu na mwaka 688, kwamba aliweka nukta za kuonyesha irabu katika maandishi ya Kurani baada ya kuona watu wakikosea miisho ya maneno. Miisho hiyo ndiyo inayopambanua mtenda na mtendwa. Funzo la mapokeo hayo ni dhahiri: jamii ikiuona uhusika kuwa na uzito, huutafutia alama, na alama hiyo inaweza kuwa ndogo kama nukta.

Yapo mapingamizi, nayo yana nguvu. La kwanza ni kwamba wasomaji wa Kikalenjin wamesoma bila toni kwa miaka mingi na wanaelewana. Hilo ni kweli, kwa sababu mara nyingi maana yenyewe huondoa utata: hakuna atakayedhani kwamba ugali unamla mtoto. Pia mmoja wa wahusika akiwa ni mimi au wewe, kitenzi humtaja. Utata hubaki pale tu nomino mbili za nafsi ya tatu, zote zenye uwezo wa kutenda, zinapokutana katika sentensi moja. Lakini sentensi za namna hiyo ndizo zinazojaa katika hadithi, katika habari za ugomvi na katika maelezo ya shahidi, yaani pale hasa ambapo ni lazima ijulikane nani alimtenda nani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Steven Bird, katika jaribio lake nchini Kamerun lililochapishwa mwaka 1999, alionyesha kwamba kuandika toni zote juu ya irabu kunaweza kumpunguzia msomaji kasi badala ya kumsaidia. Ukurasa uliojaa alama humchosha hata mzawa. Asiyelijali onyo hili angewaletea walimu wa Ziwa mzigo ambao wangeutupa kabla ya muhula kwisha.

Hata hivyo onyo hilo linahusu kuandika toni zote. Halihusu kuandika uhusika. Hapa ndipo uchambuzi wa alama unapoleta faida ambayo istilahi za Kilatini zilikuwa zimeificha. Anayeamini kwamba Kinandi kina nominativu na akuzativu ataona kwamba kuna mambo mawili ya kuandika. Anayejua kwamba yambwa haina alama ataona kwamba kuna moja tu. Lugha yenyewe inakitia alama kiima na kuiacha yambwa. Maandishi nayo yanaweza kufanya vivyo hivyo. Alama moja tu mbele ya kirai cha kiima, iwe nukta au kistari, ingetosha. Haingehitaji kueleza toni ipi iko juu na ipi iko chini, kwa kuwa mzawa akijua kwamba neno ni kiima huitoa toni yake mwenyewe bila kufundishwa. Katika baadhi ya lugha za Kodivaa wataalamu wamekwisha kutumia alama za kawaida za uandishi mbele ya maneno ili kuonyesha toni, na mashine ya chapa ya kawaida ilitosha kwa kazi hiyo.

Kama alama hiyo itumike kila mahali au pale penye utata tu, ni jambo la kuamuliwa na waandishi na walimu wa lugha yenyewe baada ya majaribio darasani. Mtaala wa Kenya unaotumika sasa umeipa lugha ya kienyeji nafasi katika madarasa matatu ya kwanza ya msingi, na kabla yake mfululizo wa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba kusoma kwa lugha ya nyumbani kunawezekana. Mahali pa majaribio papo.

6. Istilahi za Kiswahili

Limebaki suala la majina. Kiswahili hakina uhusika wa nomino wa namna inayojadiliwa hapa, na kwa hiyo waliounda istilahi zake za sarufi hawakulazimika kuufikiria sana. Istilahi za kiima na yambwa, au shamirisho kama wengine wanavyopendelea, zinataja kazi ya neno katika sentensi. Hazitaji umbo. Huo ni utajiri ambao hautambuliwi. Sarufi za Kizungu zilizozoea Kilatini mara nyingi huchanganya kazi na umbo, kwa kuwa katika Kilatini vinakwenda pamoja. Kiswahili kinaweza kuvitenga tangu mwanzo.

Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba anayeeleza Kinandi, Kimaasai au Kioromo kwa Kiswahili asitafsiri akuzativu kuwa "uhusika wa yambwa." Tafsiri hiyo ingelileta kosa la zamani katika mavazi mapya. Yafaa aseme kwamba nomino ina umbo la msingi na umbo la kiima. Yambwa hutumia umbo la msingi. Mwenye kitu na nomino inayofuata kihusishi hutumia umbo hilohilo. Kiima kilichokuja baada ya kitenzi peke yake ndicho kinachochukua umbo la kiima. Maelezo hayo ni mafupi, yanaeleweka na mwanafunzi wa sekondari, na hayamfanyi atafute alama mahali pasipo na alama. Ubora wake mwingine ni kwamba yanafaa pia kwa Kioromo, ambapo alama ni herufi, na kwa Kimaasai, ambapo alama ni toni, bila kubadilisha neno hata moja.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba yambwa katika Kinandi haina alama ya uhusika katika nomino, wala haina alama ya nafsi ya tatu katika kitenzi. Na kwamba kinachotiwa alama ni kiima kwa upande mmoja, na kukosekana kwa yambwa kwa upande mwingine. Yameonyesha pia kwamba istilahi za akuzativu na obliki, ingawa zilitumiwa na wataalamu waliosikiliza kwa makini, zilibeba ndani yake dhana ya kwamba kiima ndicho asili. Dhana hiyo imeuficha urahisi wa mfumo wenyewe, na pamoja nao njia rahisi ya kuuandika.

Kazi inayofuata si ya mtu mmoja. Inahitaji wazawa wa Ziwa na vijiji vingine vya Uasin Gishu na Nandi wanaosikia toni bila kufikiri, na wanaisimu wanaoweza kuzipanga. Inahitaji pia walimu wa Kiswahili walio tayari kukitumia Kiswahili kama lugha ya kueleza lugha nyingine za Kiafrika. Kiswahili kimetumika kwa muda mrefu kueleza sarufi yake chenyewe, na kazi hiyo imefanywa vizuri. Kutumika kwake kueleza sarufi ya jirani bado kumefanywa kwa uchache, na yambwa ya Kinandi ni mahali pazuri pa kuanzia.